The Wheel of Time kwa msomaji wa Mbeya na Iringa: vitabu 15, na kile cha kumi kinachonuniwa

Kwanza mzigo wenyewe. The Wheel of Time ni mfululizo wa riwaya za njozi za Kiingereza. Vitabu vikuu ni 14: cha kwanza kilitoka Januari 1990, cha mwisho Januari 2013. Ongeza kimoja chembamba cha utangulizi kilichotoka 2004, ndiyo 15. Jumla ya maneno inakaribia milioni 4.4. Ukivipanga vyote kwenye mizani ya muuza mchele pale Mwanjelwa, vikiwa toleo dogo la jalada laini, vinavuta kilo sita hivi. Anayesoma Kiingereza kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika, na wengi tuliokipata Kiingereza darasani tuko hapo hapo, anahitaji kama saa 490. Hiyo ni saa moja kila usiku kwa miezi 16. Ukianza mahindi yanapopandwa Novemba, utavuna, utapanda tena, na palizi itakukuta bado hujafunga kitabu cha 14.

Kwa mzigo wa namna hiyo, anayeuliza kama ni mzuri ameuliza nusu. Nusu nyingine ni namna ya kuupata wote, uusome kwa mpangilio gani, na waliotangulia walikwama wapi. Kukwama walikwama kweli, na sababu waliyoitaja haikuwa mara zote ndiyo iliyowakwamisha.

Mwandishi ni Robert Jordan, jina lake halisi James Oliver Rigney, mtu wa Charleston, South Carolina, aliyepigana Vietnam kwenye helikopta na baadaye akawa mhandisi wa nyuklia. Alifariki Septemba 2007 hadithi ikiwa haijaisha. Mkewe Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson amalizie kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu. Kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu: cha 12, cha 13 na cha 14.

Hadithi kwa ufupi: vijana wa kijiji cha kondoo na tumbaku wanatolewa nyumbani usiku na mama mmoja mwenye uwezo usio wa kawaida, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyetabiriwa kupambana na Giza lenyewe, na utabiri huo huo unasema ataivunja dunia. Kijiji chao kimejificha milimani kiasi kwamba watoza kodi wa malkia wameacha kufika kwa vizazi kadhaa. Msomaji wa Makete atacheka hapo, kisha atavuta blanketi aendelee.

Kila kitabu kikuu, sura ya kwanza inafunguliwa kwa maneno yale yale kuhusu gurudumu linalozunguka na upepo unaovuma kutoka mahali fulani. Wapo wanaokereka na marudio hayo. Sisi tuliolelewa na "paukwa, pakawa" hatuna sababu ya kukereka: ni hodi ya msimulizi. Angalia tu upepo unatokea wapi na unaelekea wapi, maana mara nyingi unakuonyesha nchi ambayo kitabu hicho kitashughulika nayo kwanza.

Kitabu cha kwanza hadi cha sita

Hapa malalamiko ni machache, isipokuwa moja ambalo kila msomaji mpya analirudia: wahusika wanapotea. Kitabu cha 3 kinamtaja mhusika mkuu, Rand, yule kijana aliyetabiriwa, kwenye jina lake, halafu Rand mwenyewe anaonekana kwa nadra sana. Kitabu cha 5 hakina kabisa Perrin, mwenzake wa kijijini. Usidhani nakala yako imenyofolewa kurasa. Ndivyo ilivyoandikwa.

Cha 4, The Shadow Rising, ndicho kirefu kuliko vyote, maneno kama 393,000, na wengi wanakihesabu kuwa bora. Ushauri wa mashabiki ni kwamba usiuhukumu mfululizo mpaka umefika humo, nami nakubaliana nao. Kitabu cha kwanza kinafuata kwa makusudi njia ya safari za njozi zilizokitangulia, na msomaji mzoefu anaweza kusema "hii naijua". Cha 4 hakifanani na kitu. Kuna sura mbili za jangwani ambamo Rand anarudi nyuma kizazi baada ya kizazi kupitia macho ya mababu zake, kila hatua ikipindua ulichokiamini katika hatua iliyotangulia. Zisome taratibu, zote mbili kwa kikao kimoja, na ukimaliza zirudie kuanzia mwisho kwenda mwanzo, maana matukio yamepangwa kinyumenyume.

Cha 6 kina jambo ambalo msomaji wa Ulaya analipita haraka: joto lisiloisha. Majira yamegoma, mvua haiji, mito inakauka, na watawala wanaendelea kugombania viti. Mtu wa Mbozi aliyewahi kufika Desemba akiangalia mawingu yanapita tu hahitaji kuelezwa kwa nini watu wale wameanza kukosa akili.

Lalamiko jingine la kweli, la mfululizo mzima, ni mazoea ya mwandishi. Nynaeve, mganga wa kijiji kile, anavuta msuko wake. Wanawake wananyoosha sketi. Wanaume wote wanaamini mwenzao ndiye anayejua kuzungumza na wanawake. Zaidi ya yote, watu wananuniana na kufichana habari ambazo sentensi moja ingemaliza ugomvi. Sehemu ya hilo ni kusudi, kwa sababu habari zinavyoharibika njiani ni mojawapo ya mambo ambayo hadithi hii inayahusu. Sehemu nyingine ni uzembe tu wa kurudia.

Kipande cha kujikokota: cha 7 hadi cha 10

Sasa kwenye kidonda. Ukimuuliza shabiki wa siku nyingi, atakwambia mfululizo unajikokota kuanzia cha 7 au cha 8 na unalala kabisa kwenye cha 10. Sauti hiyo ina nguvu kiasi kwamba wapo wanaoogopa kuanza. Angalia tarehe kabla hujaiamini yote: cha 7 kilitoka 1996, cha 8 mwaka 1998, cha 9 Novemba 2000, cha 10 Januari 2003, cha 11 Oktoba 2005. Mwishoni mwa cha 7, Mat, kijana mwingine wa kijiji kile na kipenzi cha wengi, anaangukiwa na ukuta. Cha 8 hakimtaji alipo. Anarudi kwenye cha 9. Msomaji wa wakati ule alimwacha Mat chini ya tofali kwa zaidi ya miaka minne. Wewe utamwacha kwa wiki tano.

Cha 10, Crossroads of Twilight, kisa chake kinaeleweka zaidi ukijua hilo. Cha 9 kinaishia kwenye tukio kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Watu wakasubiri miezi 26 kujua kilichofuata. Kitabu kilipofika, sehemu yake kubwa ikawarudisha siku ile ile, wakawaona wahusika mmoja baada ya mwingine wakigeuza shingo kutazama mwanga wa mbali na kuulizana ni nini kile. Rand mwenyewe yupo kwa kurasa chache. Hasira ilikuwa ya haki. Na kabla haijapoa, mwaka 2004 kikaja kile cha utangulizi, kinachosimulia miaka ya nyuma, badala ya cha 11.

Kwa hiyo lawama kubwa ilikuwa ya kusubiri. Anayesoma leo akiwa na cha 7 hadi cha 11 rafuni, pembeni ya kitanda, hakutani na tatizo lile. Anakutana na mwendo wa polepole, basi. Lakini msomaji wa Njombe ambaye cha 9 amekipata, na cha 10 kiko kwa rafiki wa rafiki Songea, huyo amerudi mwaka 2000. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalopanga manunuzi yote yaliyo chini.

Cha 10 chenyewe kinasomwaje? Tumia michoro. Juu ya kila sura, katika mfululizo wote, kuna mchoro mdogo unaodokeza sura inamhusu nani au nini: kete ni Mat, mbwamwitu ni Perrin, na kadhalika. Msomaji akifika cha 10 ameshaizoea yote. Sura za kete soma zote neno kwa neno, ni tamu. Sura za Elayne, binti wa malkia, akihesabu nani anamuunga mkono kwenye kiti cha enzi, soma ukurasa wa kwanza na kurasa mbili za mwisho, ukikuta jina jipya lenye mamlaka liandike. Za mbwamwitu usiziruke hata zikikuchosha, maana anachokifanya Perrin kwenye sura ya 27 kinaelezwa na uchovu wa zile zilizotangulia. Kuanzia hapo hadi mwisho wa kitabu usiruke kitu.

Sura ya 26 ni mfano mzuri wa jinsi msomaji alivyo nusu ya kitabu. Jeshi la Perrin linakwenda mji wa So Habor kununua nafaka. Maghala yamejaa, lakini nafaka imeliwa na fukusi, inabidi ipepetwe kabla ya kupakiwa. Mji wenyewe mchafu, watu hawajaoga, hawataki kusema kinachowatisha. Shabiki aliyesubiri vita miezi 26 aliisoma sura hiyo kama dhihaka: kurasa nzima za wadudu wa nafaka! Mtu aliyewahi kufungua kihenge au gunia mwezi wa pili akakuta unga wa dumuzi chini na punje zenye matundu anaisoma tofauti. Anajua mji wenye akiba kama ile usioshughulika nayo una jambo zito kuliko fukusi. Kwangu ni mojawapo ya sura za kutisha zaidi katika vitabu vyote 15, na haina hata pigo moja la upanga.

Mkono ulipobadilika

Cha 11 ni cha mwisho kilichokamilishwa na Jordan mwenyewe na kinakimbia. Wengi waliokata tamaa walirudi hapo. Kisha Sanderson. Sentensi zinakuwa fupi, maelezo ya nguo yanapungua, matukio yanasogea haraka. Malalamiko mawili ya mashabiki yana msingi. La kwanza ni Mat wa kitabu cha 12: utani wake umekuwa wa kuchekesha kwa nguvu, wakati Mat wa Jordan hakujua kwamba anachekesha. Kwenye cha 13 amerekebika sana.

La pili linawachanganya hata wasomaji makini. Cha 12 na cha 13 havifuatani kwa kalenda. Mambo ya Perrin kwenye cha 13 yanaanza nyuma ya pale ulipomwacha Rand mwisho wa cha 12. Dalili yake ni Tam, baba yake Rand: umeshamwona akiwa kwa Rand, halafu unamkuta tena kambini kwa Perrin kana kwamba hajaondoka. Hakuna ukurasa uliokosewa. Andika kwenye karatasi "Perrin yuko nyuma", ibandike ndani ya jalada la cha 13, na msomaji anayefuata atakushukuru.

Kwenye cha 13 pia kuna jibu maarufu. Mwishoni mwa cha 5, mwaka 1993, mhusika mmoja anauawa bila muuaji kutajwa. Mashabiki walibishana kwa miaka 17, wakaandika hoja ndefu kama za mahakamani. Jibu lilipotoka 2010 halikuwekwa ndani ya sura yoyote, liliwekwa kwenye faharasa ya majina nyuma ya kitabu, katika maelezo ya mstari mmoja wawili! Basi onyo: kila kitabu kina faharasa hiyo, na inasaidia sana, ila fungua ya kitabu unachosoma tu. Ukitazama jina la mtu kwenye faharasa ya kitabu cha mbele umeharibu uhondo mwenyewe. Maelezo ya jalada la nyuma nayo ni hivyo hivyo, ni wambea.

Majina ndiyo yanayowaangusha wengi kuliko Kiingereza chenyewe. Wahusika wenye majina ni zaidi ya 2,000, na mwandishi alipenda herufi chache: Egwene, Elayne na Elaida ni watatu tofauti, Moiraine, Morgase, Moghedien na Mesaana ni wanne, usisahau Min. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Kila ukurasa herufi moja, na mbele ya jina andika mambo matatu: anatoka nchi gani, yuko upande wa nani, na mara ya mwisho umemwona kitabu kipi sura ipi. Usiandike namba ya ukurasa. Matoleo ya Marekani na ya Uingereza yanatofautiana kurasa, sura hazitofautiani, na mkijadili mkiwa na nakala mchanganyiko mtapotezana dakika ya kwanza.

Kununua

Mpangilio wa kununua ulio salama ni huu: cha 1 hadi cha 3 kwanza, ndiyo majaribio. Vikikukolea, cha 4 hadi 6. Kisha usianze cha 7 mpaka cha 7, 8, 9, 10 na 11 vyote vimefika. Kile cha utangulizi, New Spring, kisome baada ya cha 10, hata kama muuzaji atakwambia ndicho cha kwanza. Kinataja kwa wepesi mambo ambayo vitabu vikuu vinakuacha uyatafute.

Nakala za mitumba zinapatikana Dar es Salaam kwa wauza vitabu wa barabarani, na nyingi ni moja moja: cha 2, cha 5, cha 8, bila mwenzake. Kabla hujalipia kwa simu omba picha nne: jalada, ukurasa wa nyuma ya jalada la ndani wenye mwaka na jina la toleo, ukurasa wa mwisho wa hadithi, na mgongo wa kitabu. Picha ya ukurasa wa nyuma ya jalada ina kazi yake. Kitabu cha 1 na cha 2 viliwahi kutolewa Marekani kwa ajili ya vijana vikiwa vimekatwa nusu, kila nusu na jina lake. Ukinunua From the Two Rivers umenunua nusu ya kwanza ya kitabu cha 1, na hadithi itakukatikia katikati.

Kwenye basi usiruhusu vitabu vipakiwe kwenye kiroba. Vinapinda, na buti la basi la kuja huku halikosi ndoo ya mafuta au tenga la samaki. Boksi gumu, ndani nailoni, vitabu vilale vikibanana, jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za boksi, na mtumaji apige picha ya risiti. Mzigo usiofuatwa siku ya kwanza unahamishwa chumba, na ukihama chumba unahama na akili ya mhudumu.

Simu ni njia ya mkato. Kitabu kimoja cha kusoma kwenye simu ni megabaiti chache tu. Cha kusikiliza ni habari nyingine: usomaji wa Michael Kramer na Kate Reading wa kitabu cha 1 ni saa 30, na kwa ubora wa kilobiti 64 kila saa inakula kama megabaiti 29, yaani karibu megabaiti 860 kwa kitabu kimoja. Vyote vinazidi saa 400. Pakua usiku mahali penye waifai, usisikilize moja kwa moja kwa bando. Faida ya kusikiliza ni kwamba majina unayapata yakitamkwa. Hasara ni kwamba huwezi kurudi nyuma kutafuta jina, na kwenye vitabu hivi utarudi nyuma mara kwa mara.

Kusoma kwa mzunguko

Seti moja, wasomaji wengi: ndivyo vitabu vya bei hii vinavyosomwa mikoani, na ndipo hesabu inapokosewa. Kitabu cha 4 kwa maneno 150 kwa dakika ni saa 44. Watu watano wakikisoma kwa zamu, saa moja kila siku, wa tano anakimaliza baada ya miezi saba. Kikundi kinakufa hapo.

Dawa ni foleni. Wa kwanza akimaliza cha 1 anampa wa pili, yeye anaingia cha 2. Wa pili akimaliza cha 1 anampa wa tatu. Kila mtu yuko kitabu kimoja nyuma ya mwenzake, na seti yote inafanya kazi kwa wakati mmoja. Wanne ndiyo mwisho. Mwenye mwendo wa taratibu awekwe wa mwisho, kamwe asiwe wa kwanza, maana wote watasimama nyuma yake kama magari nyuma ya lori la mbao kwenye mlima wa Kitonga. Anayekwenda safari ndefu aondoke na kitabu anachosoma tu, asibebe na kile kinachosubiriwa. Aliye mbele anyamaze. Adhabu ya kuharibu uhondo iwe kurudi mkia wa foleni.

Matoleo madogo yamebandikwa kwa gundi ya moto, hayakushonwa. Kitabu cha kurasa 800 kikifunguliwa kwa nguvu katikati, gundi inakatika, na baridi ya Juni ya Mafinga au Njombe inaifanya iwe kavu zaidi. Kipya kifunguliwe hivi: kisimamishe kwa mgongo mezani, laza majalada mawili, kisha laza kurasa 20 za mbele, 20 za nyuma, ukibonyeza kidogo kwa kidole, mpaka zikutane katikati. Kikishaachia kurasa, tumia gundi nyeupe ya seremala, paka nyembamba kwa kijiti kwenye mgongo, weka nailoni pande zote, kandamiza kwa tofali lililofungwa kitambaa saa 24, na wakati wa baridi kali saa 48. Gundi ya kukauka papo hapo usiiguse: inakuwa kama kioo na kuvunja kurasa zilizokuwa nzima. Selotepu nayo inaacha doa la njano.

Tukuyu na maeneo yote ya Rungwe, tatizo ni unyevu. Ukungu wa nje ukiingia ndani unageuka ukungu wa kwenye kurasa. Usifunge kitabu kwenye nailoni wakati wa mvua ukidhani unakilinda, unyevu uliomo unakosa pa kutokea. Kivike karatasi ya kaki kama daftari la shule, kikae rafu isiyogusa ukuta, na kila jua likitoka kifungue kivulini nusu saa.

Kuhusu tamthilia ya televisheni iliyoanza Novemba 2021, neno moja. Ilikwenda misimu mitatu, ikasitishwa Mei 2025, na kisa hakijafika hata nusu. Mashabiki wa vitabu waliichukia mapema kwa kumpa Perrin mke ambaye hakuwa naye vitabuni, kisha kumfanya amuue kwa bahati mbaya. Msimu wa tatu uliwarudisha wengi, hasa sehemu ya nne iliyoonyesha zile sura za jangwani. Aliyeitazama aanze kitabu cha 1 bila kuruka. Njia zimeachana mapema mno.

Nyota nne kati ya tano kwa mfululizo mzima. Cha 4 peke yake kingepata tano, cha 10 mbili na nusu, hiyo nusu kwa ajili ya fukusi.

Kitabu cha 14 kina sura ya 37, vita ya mwisho, yenye maneno kama 79,000, ndefu kuliko riwaya nyingi zinazosimama peke yake. Kwa mwendo wetu ni karibu saa tisa, yaani karibu safari yote ya basi kutoka Uyole hadi Morogoro. Usiianze usiku wa kuamkia kazini, na kama ni kwenye basi, ifunge mnapoanza kushuka Kitonga, kona zile hazitaki mtu anayetazama maandishi madogo. Ukishaivuka zimebaki sura 12 na hitimisho ambalo sehemu yake kubwa Jordan aliliandika mwenyewe kabla hajafa. Humo kuna jambo dogo linalohusu kiko. Kitabu hakilielezi. Ukilifikia, mpigie aliyekuwa mbele yako kwenye foleni; sasa anaruhusiwa kusema.